Maua Manne ya Rimma Glebovna

Rimma Glebovna alikuwa mwalimu wetu wa fizikia, somo la mienendo ya vurugu, chuo kikuu mjini Gorky, Urusi, na pia jirani yetu wa jiko moja. Alishaachana na mumewe, Veniamin, lakini talaka haikupi chumba. Waliendelea kulala chumba kimoja wakigombea hata kibiriti. Ningekuwa mimi, ningeshamtia mtu meno.

Siku hiyo darasani aliachia vyuma viwili vilivyoungwa kwa bawaba na kuning'inizwa, vikaruka huku na huku kama mlevi.

"Ukiviachia tena, ukakosea kwa unywele tu, punde vitashika njia nyingine kabisa," alisema. "Sheria ni zilezile. Hakuna bahati nasibu hapa."

"Vitatoroka, Mwalimu?" nilimtania.

"Vitorokee wapi? Vinazurura humohumo. Havirudii njia, wala havitoki."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Wakati huo alishapata upenyo. Kwetu chumba hakinunuliwi, hubadilishwa: familia sita zilikubaliana kubadilishana vyumba siku moja, yeye na Veniamin wapate kila mtu chake, na mmoja akijitoa, wote wamekwama. Aliyekuwa aje kwetu ni bibi kizee Pelageya. Siku moja kabla ya kuhama, Rimma akaenda kumlainisha kwa maua matano. Kwenye tramu alibanwa, ua moja likavunjika shingo. Akalitupa, akabisha hodi huku akiwaza mitihani ya wanafunzi.

Bibi akayahesabu. "Manne! Ya kaburini haya! Unanizika na bado nakula?"

"Nisamehe, bibi, moja limevunjika njiani..."

"Livunjike lisivunjike, huko kwako sihamii ng'o!"

Nani kwetu hajui kwamba maua ya jozi, mawili au manne, ni ya maiti? Hata mtoto wa chekechea anajua! Nilimkasirikia kweli, kisha nikamhurumia.

Jioni ile familia zote sita zilifungua mizigo. Veniamin, ambaye mchumba alikuwa akimngoja, alisimama katikati ya chumba. Kabati lililotenganisha vitanda vyao walishalisogeza mlangoni, tayari kubebwa.

"Umeridhika, msomi?" aliuliza.

Kabati lile lilikuwa zito, mtu mmoja haliwezi. Rimma akashika upande wake ili lirudi kati ya vitanda, Veniamin akashika wa pili.

"Haya," Rimma alisema, "moja, mbili, sukuma."