Dakika za Gyeongju

Siku ya kwanza kazini huku ughaibuni nilivaa suti. Nilitoka Riverdale Park, wakati ule tukiiita Riverdale tu, nikapanda mabasi matatu hadi Springfield, nikaingia chumba cha kuchora ramani na tai shingoni. Mchoraji Mkuu, mzee mrefu asiyependa maneno, aliniangalia juu hadi chini akasema, "Tai itaingia kwenye nta. Ivue." Nikaivua, na sikuivaa tena kwa miaka sita.

Nyinyi mliozaliwa na kompyuta hamwezi kujua tulivyoteseka. Ramani tulikuwa tukiichonga. Ulitandaza filamu iliyopakwa rangi juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, ukashika sindano, ukaikwangua ile rangi mpaka mstari upitishe mwanga. Mkono ukitetemeka, barabara imepinda. Majina yalichapwa kwenye utepe mwembamba, yakapakwa nta nyuma, ukayabandika moja moja kwa kibano. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, na sifa yake ilikuwa kadi za matembezi: karatasi ngumu ya kukunja, mtaa umechorwa, njia ya miguu imewekwa nukta nyekundu, na kila kituo kimeandikiwa dakika zake.

Dakika hizo ndizo zilizokuwa dini ya Mchoraji Mkuu. "Usiandike dakika ambazo hakuna mtu aliyezitembea," alikuwa akisema. Kama mji uko mbali na huwezi kupelekwa, utafute urefu ule ule karibu na kwako, umtafute mtu wa umri wa wale watakaotembea, umpime kwa saa ya mwamuzi wa mbio. Mimi nilicheka kichinichini. Nilifikiri ni wazimu wa kizungu tu.

Basi akaja Bibi Yun. Alikuwa na duka la dobi hapo hapo Springfield, na alikuwa anaandaa safari ya wazee wa Kikorea kwenda kuiona Gyeongju, mji mkuu wa kale wa wafalme wa Silla. Alitaka kadi ya katikati ya mji: kuanzia sokoni, kupita makaburi ya wafalme, ambayo ni vilima vya majani vilivyo duara, kisha mnara wa mawe wa kutazamia nyota, kisha kijisitu cha miti mikongwe, na mwisho mtaa wa nyumba za vigae nyuma yake. Basi lao lingewasubiri sokoni, na halingesubiri sana.

"Mama yangu alizaliwa katika mtaa ule wa mwisho," aliniambia. "Alitoka pale akiwa bi harusi, hajarudi tangu hapo. Daktari amemruhusu safari hii moja. Nyingine haitakuwepo."

Kwa hiyo tukaandika sharti kwenye kadi: atakayefika mnarani baada ya saa kumi arudi kwenye basi, asiendelee. Saa ya kuondoka sokoni ingepangwa kwa dakika zangu, kwa hiyo ndizo zingeamua nani aendelee na nani ageuke.

Mtu wa kumpima nilikuwa naye nyumbani. Mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma, alikuja kutoka Tanga kumsaidia mke wangu na mtoto, akawa anakaa nasi. Nilipima njia kwa kigurudumu cha ramani, nikatafuta urefu ule ule pale Riverdale, kutoka kwetu hadi posta na kurudi, nikamwomba tutembee. Ilikuwa Ramadhani, baada ya alasiri. Akajitanda khanga yake, akaondoka.

Jamani, yule mama alikwenda! Mimi nyuma, saa mkononi, jasho linanitoka, koo limekauka kwa saumu. Niliona kabisa kwamba huo si mwendo wa mzee. Lakini ungefanyaje? Mkweo anatembea mbele yako, wewe umwambie nini, "Mama, punguza"? Adabu haina mlango huo. Nikaandika dakika, kesho yake nikazibandika kwenye filamu. Kadi ikachapwa.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, wazee wakasafiri. Siku ya pili yake nilikwenda posta na Bi Mwanajuma kutuma barua. Tukatembea, tukasimama, akamwamkia huyu, akashika kiuno, akatazama maua ya watu. Nikaangalia saa. Tulikuwa tumezipita mbali dakika za kadi.

"Mama, mbona leo taratibu hivi?"

"Nina haraka gani leo, mwanangu? Siku ile niliacha mbaazi jikoni na huyo mkeo. Unamjua. Angeziunguza, tungefuturu nini?"

Sikulala. Asubuhi nikasimama mbele ya Mchoraji Mkuu nikamweleza yote. Alisikiliza kalamu ikiwa mdomoni.

"Uliona kwamba anakwenda mbio?"

"Niliona."

"Kwa nini hukumwambia apunguze?"

"Ni mama mkwe wangu, mzee."

Alichomoa kalamu mdomoni. "Nimefukuza watu kwa sababu nyingi," alisema. "Hii sijawahi kuisikia." Hakunifukuza. Alichukua simu, akatafuta hoteli yao kule Korea, akamwachia karani ujumbe kwamba dakika ni fupi mno, waondoke sokoni mapema. Kama ulifika au haukufika, hatukujua. Nilikaa siku tisa nikimwona mama wa Bibi Yun, nisiyemfahamu, amesimama mnarani, kadi yangu inamwambia ageuke.

Bibi Yun aliingia ofisini siku ya kumi, kadi mkononi, imechakaa. Hakukaa.

"Karani wa hoteli alinipa ujumbe tumekwisha rudi kutoka matembezini," alisema. "Dakika zako ni za uongo. Wenzetu wote walichelewa. Kwenye makaburi walikwisha kukaa chini wanavua viatu."

"Najua. Nisamehe. Na mama?"

"Mama alitutangulia! Fimbo ameiweka kwapani. Mimi mtoto wake namkimbilia nyuma, namwita, hageuki. Tulifika mnarani muda ukiwa bado upo. Akafika kwao. Nyumba ipo, ina watu wengine, wakamwingiza ndani wakamkalisha." Akaiweka kadi mezani. "Lakini niambie, ulimpima nani wewe?"

Nikamwambia habari ya mbaazi. Alicheka mpaka akalia, na Mchoraji Mkuu akageukia dirishani akajifanya anatafuta kitu. Mimi nikakaa kwenye kiti cha mzee bila ruhusa. Sijawahi kushusha pumzi namna ile, si kabla wala baada.

Toleo la pili lilipata dakika za kweli, nilizopima na Bi Mwanajuma siku asiyokuwa na kitu jikoni. Baadaye nilihamia Fairfax, kwenye chumba cha ramani cha chuo kikuu, chini ya Msimamizi aliyependa mashine kuliko watu, na huko nikastaafu sindano zikiwa kabatini. Siku hizi simu inakwambia dakika kabla hujavaa viatu. Ni nzuri, siikatai, ingawa bado huwa nabishana nayo.

Ila jioni ile, nilipotoka ofisini, nilimsimulia Bi Mwanajuma. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama kwenye ungo.

"Alipokelewa?"

"Alipokelewa, Mama."

"Alhamdulillahi." Akauweka ungo chini. "Na mimi nikatie tiketi ya nyumbani, mwanangu. Miguu ingalipo."

Nilimpeleka mwenyewe. Tuliposhuka Tanga nilimwomba anisubiri nichukue mizigo, na nilipoinua kichwa alikuwa amekwisha kata kona.