Nailoni Imeingia Matopeni

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka chai yangu inapoa mbele yangu. Nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa chini ya soko la Karurumo, shule nimeiachia darasa la tano, na kazi yangu ilikuwa kulima nduma, yale magimbi ya mtoni. Wakati huo tulizipanda mtoni tu. Kila kiangazi tulishuka na karai, tukazoa matope ya mto, tukayarundika kwenye mashina. Ndiyo iliyokuwa mbolea yetu, na mpaka leo ndiyo.

Basi akaja Nyaga, muuza nailoni kutoka Embu mjini. Namtaja jina, na akitaka akasirike. Aliletwa na Njeru, ndugu ya mume wangu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima. Akatuonyesha kuchimba mtaro huku juu shambani, kutandika karatasi nyeusi ya nailoni, kurudisha udongo na kumwagia maji, ili nduma imee mbali na mto. Na ilimea, sitasema uongo.

"Hii haiozi, akina mama!" alisema akiipiga kofi. "Mtaoza nyinyi, yenyewe iko tu!"

Watu wakacheka. Mama mkwe wangu hakucheka. "Na ikichoka," akauliza, "itaenda wapi?"

"Nailoni haichoki, cucu." Ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu.

"Kila kitu huchoka. Hata hiyo sauti yako."

Njeru akaona aibu. "Mama, wewe ulisomea kilimo wapi?"

"Kwa tumbo lako. Nani alilijaza?" Kisha akanigeukia mimi, maana wengine walishampa mgongo. "Mke wa mwanangu, kitu kisichooza hakizikwi juu ya mto. Mvua inajua njia."

Sasa mimi, mgeni wa boma, ningesema nini mbele ya wanaume? Wakatandika. Jua likaikausha ile karatasi kingoni, jembe likaichana, msimu baada ya msimu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, lakini hili la nailoni haliishi, linasagika tu, na mvua inateremka nalo. Juu yake wauza muguka, yale majani ya kutafuna, wakaongeza vikaratasi vyao vya nailoni, na soko likamwaga taka zake pale darajani huku gari la taka la kaunti likipita bila kusimama. Njeru yuko kaburini, mtaro wake bado unatapika vipande. Nyaga ana duka la orofa.

Mwezi uliopita nilimkuta Wanja, mke wa kijana wangu, akizoa matope ya kiangazi. Msichana wake mdogo alikuwa ameketi ukingoni anayafinyanga, vidole mdomoni. Nikachota konzi moja, nikalisuuza kwenye beseni jeupe. Vikaelea vipande vidogo kama ufuta, vyeusi na vya buluu, na nyuzinyuzi. Kuna msichana wa chuo kikuu alikuja hapa kuchukua matope kwa chupa, akaniambia, "Mama, hivyo unavyoviona ndivyo vikubwa." Tangu hapo usingizi wangu ni wa kuku. Mume wangu alikufa kwa tumbo. Sisemi ni nailoni, daktari mwenyewe hakujua. Lakini nimebaki mimi, na nawaza.

Siku ile mtoni nikamwambia, "Wanja, usiweke hayo kwenye nduma."

"Niweke nini basi, mama? Ng'ombe tuliuza, samadi hakuna. Zitatoka kama vidole."

"Zitoke hivyo."

"Na sisi tule hivyo vidole?"

Akainua karai ayamwage mtoni, nikamshika mkono. Huko chini kuna watu wanachota maji. Tukasimama hapo, nduma nyuma yetu, mto mbele, karai mkononi, na hatukuwa na mahali pa kuyaweka.

Mwanangu, nakusihi. Kama kwenu kuna mtaro wa nailoni, ifukue sasa, kabla ya mvua, ingali inashikika kwa mkono. Ikishasagika hakuna atakayeiokota. Wanaomwaga taka darajani waambie usoni, wakuite mjeuri. Na mwenye kuuza akikusifia kitu, usicheke haraka, ngoja wakongwe wamalize kuuliza.

Mungu akupe mto ambao mtoto wako atacheza kwenye matope yake, na wewe uketi ukimtazama bila kumkimbilia.