Jiko Linaloelekea Magharibi

Kwetu mtoto hufunzwa mapema: ukienda kwa watu, usitie kasoro. Sifu, sema mashaallah, kula unachopewa. Mafunzo hayo mimi niliyashika mpaka yakapita kiasi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majumba ya Qurum, mtaa wa matajiri huku Omani, yote vioo na viyoyozi. Nilikuwa nimeichoka vibaya. Niliposikia kwamba msanifu majengo maarufu, mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, anatafuta msaidizi mmoja, niliomba, naye akaniita nyumbani kwake jangwani, ambako ndiko pia anakofanyia kazi. Njia nzima, saa mbili na zaidi, nilifanya mazoezi ya kusifu ndani ya gari, peke yangu, kwa sauti.

Mzee alinipokea kwa kahawa na tende, kisha akanitembeza. Kuta nene za udongo: mashaallah, ami. Baraza: mashaallah. Hata tangi la maji nililisifu. Tukaingia jikoni. Jua la alasiri lilikuwa likipiga dirishani moja kwa moja, na mpishi amelikinga kwa kipande cha boksi, jasho linamchuruzika. Kosa lile hata mwanafunzi angeliona. Mimi nililiona kabla sijavuka kizingiti.

"Mashaallah," nikasema, "mwanga mzuri!"

Mpishi alinitazama kwa namna ambayo nilishukuru mwiko ulikuwa mbali naye.

Tukaishia kwenye chumba cha kazi. Mzee akanifunulia mchoro wa nyumba mpya, jiko likielekea magharibi vilevile.

"Unaonaje?"

"Hapana cha kugusa, ami."

Akaukunja mchoro taratibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe, mwanangu, umekuja tangu adhuhuri. Mie nimepona nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Akanisindikiza mpaka kwenye gari na kunipa bakuli la halwa. Heshima zote nilizipata, kazi sikuipata. Nimeshashika mlango, ujasiri ukanijia, umechelewa kama kawaida yake.

"Ami, jiko lako linaungua jua."

"Nnajua. Mpishi ananambia kila siku. Wewe umeliona saa ngapi?"

"Nilipoingia tu," nikajibu haraka, nikidhani nimejiokoa.

Akatikisa kichwa. "Bora usingeliona, mwanangu. Asoona nnaweza kumfundisha."