Kamati ya Kuchagua Rangi ya Gari la Mzee

Majina ya wote waliokuwa kwenye hiyo kamati ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya akina mama waliowabeba mgongoni. Siyaandiki. Wenyewe wakisoma watajijua, na wasiopenda kusoma, ambao ndio wengi, watasomewa.

Gari lenyewe ni la marehemu mzee wangu. Ni lile gari refu la zamani la taa za mviringo, ambalo vijana wa siku hizi hulisimamisha barabarani ili wapige picha wakiliegemea. Mzee alilinunua kuukuu kutoka kwa meneja wa shamba la kahawa aliyekuwa akihama, wakati kifungua mimba wetu hajaota hata jino. Rangi yake ni buluu hafifu, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kila Jumamosi lilioshwa, halafu likapakwa dawa ya kung'arishia na kusuguliwa kwa nepi. Nasema nepi, zile za pamba za kufua na kuanika. Mtoto akiacha kukojoa kitandani, nepi zake zilipandishwa cheo zikaenda kwa gari. Watoto wangu wote wameling'arisha gari hilo kabla ya kujua kuongea.

Rangi ya enzi hizo ilikuwa rangi moja, basi. Hakukuwa na kitu kingine juu yake. Ukisugua, unasugua rangi yenyewe, na yenyewe inakuachia kidogo: nepi inageuka buluu. Nepi ikibaki nyeupe, mzee alikuwa akisema bado tunapapasa vumbi, tuongeze mkono. Alipokufa niliendelea peke yangu. Jumamosi bila kusugua gari niliona kama Jumapili bila kanisa.

Na kazi lilikuwa nayo. Hapa kijijini kwetu Kalimoni, bibi harusi yeyote aliyekwenda kanisani kwa gari alikwenda kwa hilo. Ninaweza kuwataja mmoja mmoja mpaka yule aliyetapika kwenye mlango wa nyuma, ambaye siku hizi anajifanya hanijui sokoni.

Sasa, hata sabuni huisha. Boneti ilianza kuonyesha kijivu cha chini, madigadi zikaanza kushika kutu pembeni. Hapo ndipo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alipopata mchumba, akasema yeye hapandi gari lingine siku ya harusi ila hilo. Basi lipakwe rangi. Mtu mwenye akili hapo anatafuta fundi. Watoto wangu waliunda kamati.

Mimi nimezaa, nimezika, nimejenga nyumba ya mawe, na sijawahi kuwa na katibu. Lakini watu wa siku hizi hata kununua mbuzi wanataka mwenyekiti. Mwenyekiti akawa kifungua mimba wangu, anayeuza ploti Ruiru na kutembea na ramani zilizokunjwa kwapani. Binti yangu akawa katibu. Mume wake akawa mshauri wa ufundi, kwa sababu alikuwa ametazama video kwenye simu. Walikutana Thika, mahali ambapo wangeweza kutoka baadaye wakapige picha na maporomoko ya Chania, na mimi wakanichukua kama mtu anavyochukua mwavuli, pengine utahitajika. Walifungua kwa maombi. Mungu aliombwa awaongoze katika hili suala la rangi.

Mwenyekiti alikuwa na mawazo yake tayari. Gari lipakwe nyeupe ya lulu, ile yenye chembechembe za kumetameta, halafu juu yake ipigwe vanishi ya kung'aa kama kioo. Mkwe wangu akaeleza kwa mikono kwamba rangi za sasa ni ngazi mbili: chini rangi isiyong'aa, juu vanishi inayoleta mng'ao. Ile ya mzee ya ngazi moja, alisema, imepitwa na wakati. Kwa desturi yetu mkwe hatukanwi, kwa hiyo nilimtukania moyoni.

"Na Jumamosi italisugua nani?" nikauliza.

"Hiyo haisuguliwi, mami," mwenyekiti akasema. "Hutahangaika tena. Itakaa kwangu Ruiru, ndani ya gereji, na kifuniko juu. Wikendi inaenda harusi za watu, inajilipa. Vanishi haitaki kuguswaguswa."

Aliyasema kwa upole, kama anayenipa zawadi. Hapo nikaelewa kwamba rangi ndiyo ingeamua gari lile litalala wapi. Likiwa la kusuguliwa, litakuwa langu. Likiwa la kutazamwa, litaondoka uani kwangu, na mimi nitabaki na nepi zangu kama mjane mara ya pili.

Nikasema nataka rangi ileile ya mzee, ile ya mafuta, ya mara moja. Wakatazamana. Katibu akaandika kitu, na nina hakika hakikuwa nilichosema. Walipotaka kupiga kura, nikawaambia hata kitambaa cha lesso huwa nakishika kwanza kabla ya kukinunua. Wanionyeshe. Hilo waliliona la haki, au waliona njaa, maana chakula kilikuwa kimefika.

Tukaenda kwa fundi, Ruiru, nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo magari yanasimama bila milango kama watu waliofumaniwa. Fundi alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

"Shosho, mimi napaka yote," akaniambia, kana kwamba mimi ni bibi yake. "Ukitaka kioo, napaka kioo. Ukitaka ya kizamani, hiyo pia napaka. Wewe sema tu."

Mtu anayeweza kila kitu huwezi kumuuliza lolote. Lakini alitupakia vipande vitatu vya bati, na kazi hiyo simnyimi. Cha kwanza kilikuwa nyeupe ya chembechembe na vanishi juu. Cha pili kilikuwa buluu ya ngazi moja, iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha ikawa ngumu. Cha tatu kilikuwa buluu pia, ya ngazi moja, lakini ile ya mafuta niliyoitaka mimi, inayokauka ikipenda yenyewe. Kamati ikavitazama juani, ikainua mikono yote kwa kile cheupe. Kiling'aa, sikatai. Hata kisu kipya hung'aa kabla ya kukata kitunguu.

Kwa bahati, upande wa bwana harusi nao walikuwa na kamati yao, na kamati mbili zikikutana hakuna mtu anayeoa haraka. Ruracio, siku ya kupeleka mahari, ikasogezwa hadi baada ya masika. Vile vipande vya bati vikabaki kwangu, na kwa kuwa banda la kuku lilikuwa likivuja, nikavipigilia misumari juu yake. Watu wanasema nilikuwa nikifanya majaribio. Banda lilikuwa linavuja, basi.

Masika ikaja. Ikaisha, na yale malori ya mawe ya ujenzi yakarudi kupita na vumbi lao. Jogoo wangu, ambaye hulala juu ya banda kwa sababu ya kiburi, alikuwa akizunguka juu ya zile bati usiku kucha na kufanya mengine yote ambayo jogoo hufanya. Siku moja nikapanda kigoda kuangalia.

Nianze na aibu yangu. Ile rangi ya mafuta niliyoitetea mbele ya kamati ilikuwa haijakauka vizuri nilipoipigilia, ikanasa vumbi na manyoya, ikakauka navyo. Kipande kizima kilionekana kama kinataka kuwa kuku. Kile cheupe, kucha za jogoo zilikuwa zimekichora mistari ambayo haikutoka kwa maji wala kwa dawa. Nilivyosugua ndivyo vanishi ilivyozidi kufifia hapo. Halafu pale msumari ulipopita, maji yalikuwa yameingia chini yake. Vanishi ilikuwa imeinuka kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Niliikamata kwa ukucha, ikanifuata yote.

Kile cha pili nacho kilikuwa kimechorwa na kuchafuliwa, jogoo hana upendeleo. Nikakiosha. Nikatia dawa, nikachukua nepi. Mistari ikaanza kuyeyuka chini ya mkono wangu, mng'ao ukarudi ukitokea ndani, na nilipoigeuza nepi ilikuwa buluu. Nikashuka, nikaketi kidogo juu ya kile kigoda.

Kamati ilipokutana tena niliwaambia waje Kalimoni, na waache ajenda zao mlangoni pamoja na viatu kabla ya kuingia sebuleni kwangu. Niliweka zile bati mezani kama zilivyotoka kwa kuku, karibu na maandazi.

"Mami, gari haitalala na kuku," mwenyekiti akasema.

"Litapita barabara gani kwenda kanisani? Ya hewani?"

Mkwe wangu akasafisha koo, akasema kwamba kitaalamu tatizo hapo ni msumari, si vanishi. Kwa kuwa desturi hainiruhusu kumjibu mkwe, nikageuka kwa binti yangu. "Mwambie bwanako barabara ya huku ni misumari mitupu." Katibu hakuandika hilo pia.

Mwenyekiti, ambaye tangu utotoni hapendi kushindwa hata mchezo wa kuruka kamba, akaokota kile kipande cha tatu akakiinua kila mtu akione. "Na hii yako imeota manyoya, mami."

"Imeota," nikamwambia. "Hiyo tumeitupa. Sasa tupa na yako."

Bibi harusi, ambaye tangu kamati iundwe hakuna aliyemuuliza kitu, akavuta kile kipande cha buluu, akachukua nepi akakisugua pembeni palipokuwa bado pameparara. Akaitazama nepi, akatutazama sisi.

"Shosho, hii ni nepi ya nani?"

Nikamwambia ukweli. Ilikuwa ya mjomba wake, mwenyekiti, na ile alama ya njano kwenye pembe haikuwa rangi ya gari.

Mwenyekiti ni mwenyekiti mpaka nepi yake iwekwe mezani. Walicheka mpaka mkwe wangu akalazimika kutoka nje, maana si heshima kucheka hivyo mbele ya mama mkwe. Kicheko kilipokwisha bibi harusi akasema yeye anapanda ile ya buluu, ya kusuguliwa, na kama kuna mtu anataka nyeupe basi aolewe yeye. Hakuna aliyeinua mkono.

Hata hivyo sikuwaamini. Siku ya kupaka nilikwenda Ruiru na mkoba wangu wa chai, nikakaa juu ya debe, mbali na ule mvuke, nikamwambia fundi afunge pua kwa kitu cha maana na si leso ya kupengea. Alipaka buluu ikalala vizuri, hilo nalisema. Halafu akaja kwangu akitabasamu, akanong'ona kama mtu anayeuza simu ya wizi: "Shosho, si niongeze vanishi kidogo tu juu? Ya bure."

Anayekupa bure kitu ulichokataa kuna mahali ametumwa. Sikuuliza ni wapi. Nilijua ploti zinauzwa upande gani wa Ruiru. Nikamwambia nitarudi ikishakauka, na nitarudi na kitambaa; kikibaki cheupe nitajua kuna vanishi.

Nilirudi. Kitambaa kikatoka buluu.

Harusi ilikuwa nzuri, ingawa mahubiri yalikuwa marefu na pilau haikuwa na nyama ya kutosha upande wetu. Gari lilimfikisha bibi harusi bila matata. Walilipamba kwa riboni na kuzibandika kwa gundi ya karatasi juu ya boneti, watu wazima na akili zao. Jioni riboni zilipong'olewa zikaacha alama, na mtu fulani, ambaye tumbo lake na mshipi wake ninavijua, alikuwa ameegemea mlango akauchora kwa chuma cha mshipi. Mwenyekiti alipoona alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaanza kutafuta namba ya fundi.

"Leta gari Kalimoni," nikamwambia. "Jumamosi litakuwa limepona."

Jumamosi alikuja mwenyewe, akasimama nyuma yangu na mikono mfukoni akitazama nikisugua. Ule mchoro wa mshipi ulikuwa wa juujuu, ukatoka. Gundi ikatoka. Sikumwambia asaidie. Mwishowe akatoa mikono mfukoni akauliza nepi nyingine ziko wapi. Nikamwonyesha kamba. Gari limelala uani kwangu tangu siku hiyo, na kifuniko alichokuwa amelinunulia nimefunikia kuni.

Mjukuu wangu sasa ni mjamzito. Amenionyesha kwenye simu nepi atakazonunua, za karatasi, za kuvaa mara moja na kutupa. Nikamwambia mtoto avae atakacho, hilo ni shauri lake na mumewe, lakini anunue na za pamba dazani moja, azifue, aniletee. Akasema siku hizi hakuna mtoto anayezihitaji.

Kana kwamba mimi nilikuwa nikizungumzia mtoto.