Bahati ya Askari Mfupi

Nilikwenda Endasak kuomba sura ya kaka yangu. Mimi nina diploma ya usanifu wa michoro, nimejitengeneza mwenyewe hapa Arusha, na nimebuni mchezo. Wachezaji hukaa mezani, kila mmoja na karatasi ya mtu wake wa kubuni, kisha kete tatu zinaamua kama atapona: jumla ya kete isipozidi bahati iliyoandikwa kwenye karatasi, amepona. Mhusika wangu bora ni askari wa Nusuwatu, kabila la watu wanaowafikia wengine kiunoni lakini hawarudi nyuma. Nilimchora kwa sura ya kaka Bura, mwanamume mfupi kuliko wote kijijini kwetu. Nilimtaka kwenye jalada la mchezo. Bila ruhusa yake nisingechapa.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi. Tulipofika Babati nilimweleza jirani yangu wa kiti habari za mchezo.

"Watu wazima mnacheza?" akauliza, akageukia dirishani.

Saa saba mchana, Endasak. Bodaboda ilinipandisha mlimani hadi mahindi yalipobana njia, nikamalizia kwa miguu na viatu vyangu vya mjini. Bura alikuwa akipalilia maharage.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mheshimiwa. Umenenepa."

Nyumbani nilitandaza karatasi ya askari wangu, mchoro juu na namba chini. Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. "Shemeji, mbona upanga unamzidi? Hata jembe linamzidi huyu!"

Bura naye alicheka hadi akafuta macho. Ujanani jeshi lilimrudisha nyumbani kwa sababu ya ufupi wake. "Hatimaye nimevaa gwanda," alisema. Kisha akasoma kwa kidole: "Nguvu tisa. Akili kumi. Bahati kumi na nane." Kidole kikasimama. "Mwisho ni ngapi?"

"Hiyo hiyo. Nimekupa yote."

"Nani kakuambia nina bahati?"

"Nusuwatu wote wanayo, kaka. Ndiyo kanuni ya mchezo."

"Baba aliposema shule ni ya mmoja, alikwenda nani?"

"Nilifaulu, kaka."

"Na mimi nilifaulu. Baba akasema ng'ombe hawapimi urefu, mfupi abaki nao."

Mkewe akaacha kucheka. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Miaka yote niliyosimulia nilivyojitengeneza mwenyewe, sikuwahi kulitaja.

Bura aliomba kalamu. Akakata kumi na nane, akaandika tatu, namba ya chini kabisa ambayo kete zetu zinaweza kutoa. "Huyo sasa ndiye mimi. Sura chukua."

Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea begi. Nilimwomba anipe nibebe mwenyewe. Alikataa.

Mchezo umechapwa, na Bura yuko kwenye jalada na gwanda lake. Mezani hakuna anayemchagua, kwa hiyo namchezesha mimi, na kila mara anakufa kwenye mlango wa kwanza wa mchezo. Wenzangu wananiambia nimrudishie bahati yake, kwani mchezo ni wangu, nimeutengeneza mwenyewe. Zamani ningejibu ndiyo, mwenyewe. Siku hizi nachukua kete, natupa.