Tairi Niliyoigeuza

Siku ambayo mpaka wa Malaba umejaa, foleni ya malori hurefuka mpaka madereva wanashuka na kupika chai kando ya trela. Sisi wenyeji wenye magari ya kuhimili njia mbaya hatusubiri. Tunashusha magurudumu ya kushoto kwenye udongo, ya kulia yanabaki kwenye ukingo wa lami, na tunapita hivyo, gari limeinama kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Nilipita hivyo miaka mingi na nikajiona hodari.

Gari langu ni pikapu kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka jana tairi ya mbele kushoto ilianza kuisha upande wa nje tu. Ndani meno yalikuwa bado marefu. Nje ilikuwa laini kama goti. Mke wangu ndiye aliyeiona kwanza.

"Mzee, mbona hii tairi imenyolewa upande mmoja?"

Nikamwambia nitaishughulikia. Nilichofanya ni kumwendea fundi wa pancha pale Chakol, aivue kwenye rimu na kuigeuza ili upara uangalie ndani.

"Boss, ni gari inakula tairi," alinionya. "Tairi haina makosa."

Nilicheka. Kesho yake mke wangu aliona meno mazuri upande wa nje, akanisifu, nami nikazipokea sifa hizo kimya.

Ilipasuka karibu na Matayos, tukitoka Sigalame kumwona dada yake mgonjwa. Gari lilivuta kushoto, likaingia shamba la mihogo, likasimama. Hatukuumia. Mke wangu alishuka, akainama, akaona nyuzi zilizotokeza upande wa ndani.

"Uliigeuza."

"Ndiyo."

"Ili nisione?"

"Ndiyo, mama."

Akasimamisha bodaboda, akaondoka. Tangu hapo akawa anakwenda Sigalame kwa boda, mvua ikinyesha, na mgongo wake ule unaomsumbua. Mimi nikabaki nikiendesha gari lenye kiti kitupu. Sikutaka kingine ila arudi kukikalia.

Nikapeleka gari Malaba kwa fundi wa chini ya gari, nikamweleza kila kitu, hata ile njia yangu ya kando ya malori. Alilipandisha kwa jeki, akashika gurudumu kwa mikono miwili na kulitingisha. Likacheza.

"Mzee, kila ukipanda ukingo wa lami unapiga hii chuma ya usukani rungu. Imepinda. Na bushi, hizi mpira za kuzuia vyuma visicheze, zimebaki jina tu."

Alibadilisha chuma na bushi, kisha akanituma Busia kupimwa alaimenti, kama magurudumu yamenyooka. Mbele nikaweka tairi mbili mpya za aina moja. Nikaanza kupima upepo asubuhi, kabla tairi hazijapata moto, na kupapasa kila tairi kwa kiganja kutoka nje hadi ndani. Macho ya mwenye gari huona anachotaka.

Nilipomwita mke wangu, alisimama mbali.

"Sitaki kuangalia. Nilishaonyeshwa."

"Usiangalie. Papasa. Anza na upande wa ndani."

Alikunja mkono wa nguo yake, akaupenyeza nyuma ya gurudumu la kushoto, kisha la kulia, kisha yale ya nyuma, bila haraka, kama anayechagua maharagwe. Akapangusa vumbi.

"Tairi nimezipapasa. Wewe je, nikupapase wapi nijue kama umenyooka?"

Alicheka kidogo, akaingia nyumbani, nami nikadhani yameishia hapo. Asubuhi nikakuta mkoba wake juu ya kile kiti.

Njiani hakuongea sana. Alishika mlango mpaka tukapita Funyula, kisha akauachilia. Tulipofika Sigalame dada yake alikuwa ameketi nje kwenye jua, amepata nguvu kidogo.

"Leo umeacha boda?"

"Nimekuja na dereva wangu," mke wangu akamjibu, akinipa mkoba niubebe. "Bado yuko kwa majaribio."