Debe la Mzee Milutin

Fundi wa gereji iliyo nyuma ya soko la mji wa Užice hagusi spana kabla hajachomoa kijiti cha kupimia oili. Huisugua ile oili kwa vidole viwili, polepole, huku amefumba jicho moja, kisha huinusa kama mpishi juu ya sufuria. Jumamosi moja ya baridi, Mzee Milutin alimletea gari lililokuwa likigongagonga, taulo la harusi, pambo la magari ya arusi huko, likiwa limeshafungwa kwenye kioo cha pembeni. Adhuhuri lilitakiwa kumpeleka binti yake kanisani.

"Nimelitilia oili ya trekta langu," mzee alijigamba. "Nzito, ya nguvu!"

"Basi dada aende na jembe kabisa, baba," mwanawe Vukašin akamcheka. Masikio ya mzee yakamwiva kwa aibu.

Fundi akasugua vidole tena. "Oili safi hii, mzee wangu. Ila kainjini haka hakaiwezi, inakakaba koo. Ningeipata mimi kwa trekta langu!" Akaimwaga, akatia nyepesi, na injini ikatulia.

Jumatatu mzee alimletea debe zima la oili ile ya trekta. Fundi hana trekta. Debe liko mlangoni hadi leo, na hulikalia akinywa kahawa.